Nyonga si kiuno: mjadala wa kuupa jina mfupa usio na jina

Mtu akigongwa na gari na kuumia nyonga, maelekezo ya huduma ya kwanza ni mepesi kuyasema na mepesi kuyakosea. Mlaze chali, usimgeuzegeuze, kunja leso au shuka iwe pana, ipitishe chini yake, ikaze. Ikazwe wapi? Uliza stendi ya bodaboda yoyote Nairobi, au kikundi cha WhatsApp cha mtaa wowote, utajibiwa: kiunoni. Sasa, leso ikifungwa kiunoni, pale mtu anapovalia mshipi, itabana tumbo tu. Mduara wa mifupa ya nyonga ulioachana utabaki vilevile. Leso inatakiwa ikae chini zaidi, usawa wa vinundu viwili vya mifupa vinavyogusika kwa nje pale mapaja yanapoanzia. Vinundu hivyo ni vya mfupa wa paja, na vikibanwa husukuma pande mbili za nyonga zirudiane, nafasi ya damu kuvujia ndani ikapungua. Majeruhi wa aina hii anaweza kupoteza damu nyingi mno bila hata tone kuonekana nje.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kubishana juu ya majina ya mifupa ni anasa ya wasomi. Mabishano yenyewe yana pande mbili. Kuna wanaotaka majina ya Kilatini yabaki jinsi yalivyo, yakitoholewa tu ili ulimi wa Mswahili uyaweze. Na kuna wanaotaka kila sehemu ya mfupa ipewe jina la Kiswahili, lijengwe kwa maneno ambayo hata mtu asiyewahi kufungua kitabu cha bayolojia anayajua. Nimeyasikiliza ya pande zote mbili, na naona kila upande una haki mahali ambapo mwingine hauna.

Kwanza mfupa wenyewe, wa nyonga. Tunayo miwili, wa kulia na wa kushoto. Mbele inakutana kwenye kinena, ikishikanishwa na gegedu, ile tishu ngumu inayopindika kama ya sikio. Nyuma inabana mfupa wa pembetatu ulio mwisho wa uti wa mgongo, ambao Wagiriki waliuita mfupa mtakatifu, na chini ya huo kinaning'inia kifandugu. Huo ndio mduara mzima. Ila kila mmoja wa hiyo miwili ni mifupa mitatu iliyoungana. Iliamu ni ule upana wa juu wenye ukingo unaougusa ukijishika mikono kiunoni. Iskiamu iko chini nyuma, na sehemu yake nene ndiyo inayobeba uzito ukiketi kwenye benchi gumu. Pubisi iko mbele. Yote mitatu inakutana ndani ya kikombe ambamo kichwa cha mfupa wa paja huzunguka. Warumi walikiita kikombe hicho acetabulum, yaani kibakuli cha siki cha mezani. Iliamu na iskiamu hutoa takriban sehemu mbili kwa tano kila moja, pubisi ikamalizia tano ya mwisho.

Kwa mtoto mitatu hiyo bado imeachana, katikati pakiwa na gegedu lenye matawi matatu. Kikombe hushikana katika miaka ya ujana, kati ya 14 na 17 hivi, wasichana wakitangulia wavulana. Kingo za nje huchelewa zaidi, hadi mtu anavuka miaka 20. Kwa hiyo ukiulizwa huu ni mfupa mmoja au mitatu, uliza kwanza ni wa nani.

Nairobi ina ushahidi wake wa jambo hilo. Katika hazina ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya kuna mfupa wa nyonga wa upande wa kulia uliopatikana Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, wenye umri wa takriban miaka milioni 1.9. Namba yake ni KNM-ER 3228, na katika masimulizi ya jinsi binadamu alivyoanza kutembea wima hauachwi nje. Mwenzake anajulikana zaidi: Mvulana wa Turkana, ambaye Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku Mkenya, aliona kipande chake cha kwanza Nariokotome, magharibi ya ziwa hilohilo, mwaka 1984. Huyo alifariki miaka milioni moja na nusu iliyopita, akiwa mtoto. Iliamu, iskiamu na pubisi zake hazikuwa zimeungana, na hiyo ni mojawapo ya dalili zilizowasaidia wanasayansi kukadiria umri wake. Ungekuwa na jina moja tu la mfupa mzima, usingekuwa na namna ya kuandika hayo.

Sasa majina. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, alizitaja sehemu za mfupa huu lakini mfupa mzima akauacha bila jina. Waliomfuata wakaandika kwa Kilatini os innominatum, mfupa usio na jina, na kutokuwa na jina kukageuka jina. Vitabu vya Kiingereza viliendelea kulitumia karne baada ya karne, na madaktari wa makamo hapa Nairobi bado hulitamka bila kufikiri. Mwaka 1895 wanaanatomia walikutana Basel kufyeka msitu wa majina. Yalikuwa yamefika kama 50,000, wakayapunguza hadi 5,000 hivi. Mfupa huu ukapewa jina os coxae, mfupa wa nyonga, na orodha ya kimataifa ya mwaka 1998 ikalishikilia jina hilo.

Nayasema haya kwa sababu kuna dhana kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Kiswahili kina mtulinga kwa mfupa wa bega la mbele, muundi kwa ule wa mguu unaojigonga kwenye kitanda usiku, kifandugu kwa kile kipande kidogo kabisa cha mwisho. Mifupa iliyo chini ya ngozi tu, inayoumia na kugusika, ilipata majina mapema. Mfupa wa nyonga umezama kwenye nyama, kinachogusika ni kingo zake, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuita mzima mzima. Wagiriki na Waswahili walifika mahali pamoja kwa sababu hiyohiyo.

Wanaotetea Kilatini wana hoja nzito, na ningependa zisikilizwe bila kubezwa kwamba ni kasumba ya kikoloni. Mwanafunzi wa kidato cha nne Kenya anasoma bayolojia kwa Kiingereza, na katika mada ya mifupa na mwendo anakariri iliamu, iskiamu na pubisi kwa ajili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Akienda Chiromo, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishia anatomia, atakuta majina yaleyale. Barua ya rufaa inayotoka hospitali ndogo kwenda Hospitali ya Taifa ya Kenyatta itaandikwa kwa majina hayo, na picha ya eksirei itasomwa kwa majina hayo. Mwaka 2018 Kenya ilipoleta madaktari 100 kutoka Kuba, watu wanaozungumza Kihispania, kulisikika malalamiko juu ya lugha. Lakini juu ya mfupa wa nyonga daktari wa Havana na mwenzake wa Nairobi hawakuhitaji mkalimani. Kilatini kilikuwa kimeshafanya kazi hiyo.

Kuna hoja nyingine ambayo huwa haisemwi sana, na kwangu ndiyo yenye nguvu zaidi. Jina la kigeni halidanganyi, kwa kuwa halimwambii msikilizaji chochote. Jina la kujengwa humwambia kitu, na wakati mwingine humwambia nusu. Tuseme iskiamu tuiite mfupa wa kukalia. Ni kweli, tunaikalia. Ila iskiamu hiyohiyo imetoa sehemu mbili kwa tano za kikombe cha nyonga, na ina mwiba ndani ambao mkunga huutumia kupima mtoto ameshuka kiasi gani. Mwanafunzi aliyefundishwa mfupa wa kukalia atautafuta matakoni tu. Tena maneno mengine yaliyoundwa na kamati yamelala kwenye kamusi miaka na miaka, bila mtu hata mmoja kuyatamka wodini.

Hata hivyo upande wa pili una jibu. Maneno tunayoyaheshimu kama Kilatini yalikuwa ya kawaida tu kinywani mwa wenyewe. Iliamu imetokana na neno la ubavuni, iskiamu kwa Kigiriki ilikuwa nyonga tu, na kikombe, kama tulivyoona, kilikuwa cha siki. Wajerumani, ambao hakuna atakayewaambia hawajui tiba, wana majina yao ya nyumbani kwa mifupa yote mitatu: mfupa wa utumbo, mfupa wa kukalia na mfupa wa aibu. Kilatini wanakijua pia, na hawaoni mgongano. Hilo la aibu, kwa njia, ni la kuchekesha na kusikitisha pamoja. Orodha ya kimataifa ilipopitiwa upya mwaka 2019, neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo ya aibu, lililotumika kwa viungo vya uzazi vya mwanamke, liliondolewa. Kiswahili kilikuwa na kinena tangu zamani, neno ambalo bibi anaweza kulitamka mbele ya mkwewe. Katika hili hatuna cha kuazima.

Hoja kubwa ya upande huu, hata hivyo, ni mgonjwa. Katiba ya 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa apewe maelezo, pale inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Tazama basi kinachotokea bila majina. Mtu anaingia kliniki Eastleigh au Kawangware na kusema, "Daktari, kiuno kinaniuma." Kwa Kiswahili cha Nairobi kiuno kinaweza kuwa mgongo wa chini, kinaweza kuwa pale nyuma uti wa mgongo unapoungana na nyonga, kinaweza kuwa ubavu wa paja. Na nyonga yenyewe, ile ya kikombe na kichwa cha paja, ikiugua maumivu yake kwa kawaida husikika kinenani, pengine hata gotini. Mtoto anayechechemea na kulalamikia goti, huku goti halina kitu, anatakiwa apimwe nyonga. Daktari wa mifupa yeyote atakwambia hivyo. Mzazi anayejua kwamba nyonga iko mbele, ndani ya kinena, atamwonyesha daktari mahali panapofaa. Anayejua kiuno pekee ataonyesha mgongo.

Kisha kuna shosho, yaani bibi, aliyeanguka bafuni. Familia inapigiwa simu: amevunjika nyonga. Vikao vinaanza, harambee inafunguliwa, kijana aliye Dubai anatafutwa. Mara nyingi kilichovunjika hapo ni shingo ya mfupa wa paja, chini tu ya kichwa kinachoingia kwenye kikombe. Mfupa wa nyonga mzima hauna hata ufa. Hilo kwa kawaida linadai upasuaji: vyuma, au kichwa kipya. Lakini wazee wengine wakianguka hupasuka tawi la pubisi, huo ukiwa mfupa wa nyonga kwelikweli, na tiba yake mara nyingi ni dawa ya maumivu na kusaidiwa kutembea mapema, bila kisu. Majeraha mawili, bili mbili tofauti kabisa, na simu moja yenye neno lilelile. Nimeona watu wenye elimu nzuri wakigombana na hospitali kwa nini mama wa jirani aliruhusiwa kwenda nyumbani na wao wanaambiwa watafute pesa ya upasuaji, "ilhali wote ni nyonga." Hakuna aliyewadanganya. Waliambiwa tu neno pana kuliko jeraha.

Na wodi za uzazi zina lao. Mama anayepasuliwa baada ya uchungu kukwama anaambiwa, "Nyonga yako ni ndogo." Analichukua neno hilo nyumbani na kulibeba miaka, analirithisha hata kwa mabinti. Lakini daktari anapoandika kwenye faili kwamba kichwa cha mtoto na nyonga ya mama havikulingana, ameandika juu ya uhusiano wa vitu viwili siku ile: ukubwa wa kichwa, jinsi kilivyoinama au kugeuka, nguvu ya uchungu, na njia yenyewe. Wengi waliopasuliwa kwa sababu hiyo, wakipewa nafasi salama ya kujaribu tena, huzaa kwa njia ya kawaida, pengine mtoto mkubwa kuliko wa kwanza. Nyonga haikukua. Katika tafsiri ya haraka ya mlangoni mwa chumba cha upasuaji, uhusiano umegeuka kuwa kasoro ya mfupa wa mwanamke.

Hata wanasayansi hawajakubaliana kuhusu wembamba wa njia hiyo. Mwaka 1960 Sherwood Washburn alieleza kwamba kutembea wima kulidai nyonga iliyobana, wakati ubongo ukikua, na ndiyo maana kuzaa ni kugumu. Maelezo hayo yalitawala vitabu kwa nusu karne. Mwaka 2012 Holly Dunsworth na wenzake walipinga: wakasema ujauzito hukoma pale mwili wa mama unapofikia kikomo cha nguvu anazoweza kumlisha mtoto, na hawakuona kwamba nyonga pana zaidi ingemfanya mwanamke atembee kwa gharama kubwa. Mvulana wetu wa Turkana ameingizwa humo pia. Nyonga yake ilivyounganishwa kwa kukisia ilionekana nyembamba. Mwaka 2008 ikatangazwa nyonga ya mwanamke kutoka Gona, Ethiopia, ambayo ilikuwa pana. Ugumu mmojawapo wa kumtumia huyu mvulana kama shahidi ni huohuo nilioutaja: alikuwa mtoto wa kiume ambaye mifupa yake mitatu ilikuwa haijashikana. Ukisoma "nyonga ya Mvulana wa Turkana" bila kujua hivyo utadhani kuna mfupa kamili kwenye kabati.

Basi nasimama wapi? Pale ambapo mkono wa mtu asiye daktari unatakiwa kutua, au ambapo sikio la mgonjwa linatakiwa kuelewa kabla hajatia sahihi, Kiswahili cha kawaida kitangulie. Ukingo wa nyonga, kikombe cha nyonga, kinena, shingo ya mfupa wa paja. Haya hayahitaji kamati, yanaeleweka kesho asubuhi. Muuguzi anayechoma sindano ya tako anajua ni robo ya juu kwa nje ili asiguse neva kubwa ya mguu. Mama anayemshikilia mtoto anaweza kuelezwa hivyohivyo kwa maneno matano. Mgonjwa anayetolewa uboho aambiwe utachukuliwa kwenye ukingo wa nyonga kwa nyuma, ili asiamke na hofu kwamba uti wa mgongo umetobolewa. Kwa sehemu za ndani, ambazo atazitaja mwanafunzi, mpasuaji au msomaji wa eksirei, tutohoe bila haya: iliamu, iskiamu, pubisi. Kuyalazimisha majina ya nyumbani huko kunatuletea nusu-maana za mfupa wa kukalia, bila kumsaidia mgonjwa yeyote.

Ninachokataa kwa uzito ni kiuno kuendelea kufanya kazi ya nyonga. Kiuno kina pahali pake, juu ya ukingo ule, na kina heshima yake ngomani. Kikiachiwa na mfupa pia, hakuna neno litakalobaki la kutofautisha mgongo na kiungio.

Linabaki jambo moja ambalo pande zote mbili hulikwepa, nalo ni fupanyonga. Neno hili limeshaingia vitabuni na ni zuri, fupi, halina ugeni. Tatizo ni kwamba wengine hulitumia kwa mfupa wa upande mmoja, wengine kwa mduara mzima pamoja na kifandugu chake. Ripoti inayosema fupanyonga limevunjika inaweza kumaanisha ufa mdogo upande wa kushoto, au mduara uliofunguka mbele na nyuma, hali ya kupelekwa chumba cha upasuaji usiku huohuo. Mimi ningelipa mfupa mmoja, kulia na kushoto, tukawa na mafupanyonga mawili, na mduara tuuite hivyohivyo, mduara wa nyonga. Najua wapo watakaosema ni kinyume, kwamba fupanyonga limeshazoeleka kwa ule mzima na kulirudisha nyuma ni kuvuruga. Hoja yao si mbaya. Wakishinda wao, basi watupe jina la mfupa mmoja, maana fomu ya ridhaa lazima iseme ni upande upi unaopasuliwa.